Kutoka CNA mpaka RN Marekani: uanzie LPN, ADN au BSN?

Swali nililoletewa nalifupisha hivi: dada mmoja yuko Marekani, ni CNA (msaidizi wa nesi) kwenye nyumba ya wazee, anapiga shifti za usiku, ana watoto wawili wadogo na ana digrii ya biashara aliyoichukua nyumbani kabla hajasafiri. Anataka kuwa RN, yaani nesi kamili mwenye leseni. Shemeji yake anamwambia aanze LPN, nesi wa ngazi ya chini ya RN, maana mwaka mmoja tu ameshika leseni, rafiki yake kazini anamwambia asipoteze muda na ADN, ile digrii fupi ya uuguzi ya miaka miwili, siku hizi hospitali zinataka BSN, digrii ya kwanza ya uuguzi ya miaka minne, na kuna shule moja haiishi kumpigia simu ikimwambia kwao atamaliza chapchap. Anauliza nani anasema kweli, na je RN wa ADN na RN wa BSN ni kitu kimoja?

Dada, nianze na hilo la mwisho maana ukilielewa mengine yanakaa sawa yenyewe. RN ni leseni, inatolewa na bodi ya uuguzi ya jimbo, digrii ni kitu kinachokupa ruhusa ya kukaa kwenye mtihani basi. Mtihani unaitwa NCLEX-RN na ni mmoja kwa wote, aliyetoka komyuniti koleji (vile vyuo vya umma vya miaka miwili) na ADN yake ya miaka miwili, aliyekaa chuo kikuu miaka minne akatoka na BSN, hata wale wachache waliosoma diploma kwenye shule za hospitali, wote wanalipa dola 200 zilezile, wanakaa mbele ya kompyuta ileile, na wakifaulu leseni haina alama yoyote ya kuonyesha nani alisoma nini. Mgonjwa akibonyeza kengele usiku anakuja RN, hakuna anayemuuliza umetokea mlango gani.

Ngoja nikuonyeshe mtihani wenyewe ulivyo, manake wengi wanadhani wa BSN wanapewa maswali ya peke yao. Umeingia shifti asubuhi una wagonjwa wanne. Wa kwanza alifanyiwa upasuaji wa goti jana anaomba dawa ya maumivu, wa pili ana kisukari na sukari yake inasoma 180, wa tatu karuhusiwa kwenda nyumbani anasubiri karatasi zake na ameshaanza kufoka, wa nne majibu ya damu yametoka potasiamu yake ni 6.8. Unaanza na nani? Huruma inakupeleka kwa wa goti, uoga wa kelele unakupeleka kwa wa tatu, lakini jibu ni wa nne, kwasababu potasiamu ya kawaida inacheza kama 3.5 mpaka 5, ikifika 6.8 mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika muda wowote na mtu anaweza kuwa kalala hapo anakusalimia vizuri tu kama hana shida. Unakwenda kwake kwanza, unamweka kwenye monita ya moyo, unampigia daktari, wa goti atasubiri dakika chache na atakulaumu na ndo kazi yenyewe hiyo.

Sasa swali la aina hiyo halijali ulisoma miaka mingapi. Kompyuta ukipata inakupa gumu zaidi, ukikosa inashusha, inaendelea hivo mpaka iwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari au uko chini, ndo maana mwenzako anamaliza na maswali 85 na wewe unafika 150 na wote mnaweza kufaulu. Una masaa matano. Toka Aprili 2023 wameongeza kesi ndefu, unapewa faili la mgonjwa unalisoma kipande kwa kipande unaamua nini kinatisha na nini cha kupuuza. Ukifeli unasubiri siku 45 unarudi. Na viwango vya kufaulu vya waliosoma ADN na waliosoma BSN vinakaribiana sana mwaka hadi mwaka, hilo rafiki yako mwambie.

Kwanini basi kuna njia tatu za kufika sehemu moja? Historia tu. Mwaka 1873 shule za kwanza za mtindo wa Nightingale zilifunguliwa New York, New Haven na Boston, zote zikiwa zimeshikamana na hospitali, wanafunzi wakisoma huku wanafanya kazi wodini na hospitali ikipata mikono ya bure, hiyo ndo diploma. Mwaka 1909 chuo kikuu cha Minnesota kikaingiza uuguzi ndani ya chuo kikuu. Halafu baada ya vita kuu ya pili manesi wakawa hawatoshi, mama mmoja anaitwa Mildred Montag akaandika kwamba inawezekana kumfundisha nesi wa kiufundi kwa miaka miwili, majaribio yakaanza 1952 na komyuniti koleji zikaipokea kwa mikono miwili. Montag mwenyewe alikuwa anawaza nesi wa daraja tofauti na yule wa chuo kikuu, ila wahitimu wake walipokaa mtihani wa RN walifaulu, na leseni ikabaki moja mpaka leo. Mwaka 1965 chama cha manesi cha Marekani kikatoa msimamo kwamba nesi kamili awe na digrii ya kwanza. Jimbo moja tu, North Dakota, lilijaribu kuifanya sheria kweli kweli, wakaiweka miaka ya 80 wakaifuta 2003. Kwahiyo mtu akikwambia ADN inafutwa mwakani, jua wimbo huo unaimbwa toka 1965.

Ila rafiki yako hajakosea kabisa. Leseni moja haimaanishi ajira moja. Hospitali kubwa za mjini, hasa za vyuo vikuu na zile zenye cheti cha Magnet, cheti cha ubora wa uuguzi, kwenye tangazo la kazi utaona wameandika BSN inatakiwa au BSN inapendelewa, au wanakuchukua na ADN yako wanakusainisha kwamba utamaliza BSN ndani ya muda fulani. Magnet yenyewe haidai kila nesi awe na BSN kama watu wanavyosema, inachodai ni mameneja wa manesi wote wawe na digrii ya uuguzi, lakini hospitali inayotaka kupendeza machoni pa wakaguzi inajaza wenye BSN. Jeshi la Marekani ukitaka uingie kama ofisa nesi ni BSN. California ukitaka cheti cha nesi wa afya ya jamii ni BSN. New York walipitisha sheria Desemba 2017, RN mpya anapewa miaka kumi toka apate leseni awe na BSN, waliokuwa tayari na leseni hawakuguswa. Na ukitaka kupanda kuwa meneja, mwalimu, nesi wa shule kwenye baadhi ya majimbo, hapo ADN inakukwamisha.

Wanaoitetea BSN wana utafiti wao pia. Linda Aiken na wenzake walichapisha 2003 kwenye JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, waliangalia hospitali 168 za Pennsylvania, wakaona hospitali ambayo idadi ya manesi wenye digrii ya kwanza imezidi kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa unapungua kwa kama asilimia 5. Ni matokeo mazito na ndo yaliyosukuma ripoti ya 2010 iliyosema ifikapo 2020 asilimia 80 ya manesi wawe na BSN, lengo ambalo halikufikiwa kwa tarehe hiyo. Mimi naisoma hivi: inazungumzia hospitali nzima, haisemi nesi fulani wa ADN ni mbaya, na hospitali inayoajiri BSN wengi mara nyingi ina mambo mengine mazuri pia japo wao walijitahidi kuyapima na kuyatenga. Wewe binafsi usiichukue kama hukumu.

Haya, sasa hoja ya shemeji. LPN, ambaye Texas na California wanamwita LVN, anasoma kama mwaka mmoja na anafanya mtihani wake mwingine, NCLEX-PN. Ni leseni halali na kazi ya heshima. Shida ni kwamba haikupeleki RN moja kwa moja, ukimaliza bado unatakiwa uombe tena nafasi, usome tena, ufanye mtihani mwingine. Kazini mipaka yake ni finyu, tathmini ya kwanza ya mgonjwa ni ya RN, dawa nyingi za kusukuma kwenye mshipa majimbo mengi hayamruhusu, na ajira nyingi ziko kulekule nyumba za wazee unakotaka kutoka. Mshahara wa katikati kwa takwimu za serikali za Mei 2024, LPN ni dola 62,340 kwa mwaka, RN ni dola 93,600. Hapo katikati kuna zaidi ya elfu thelathini kila mwaka unaochelewa.

Ningekwambia LPN ni sawa kwako kama mambo mawili yapo pamoja: kipato cha CNA hakitoshi kabisa huwezi kuvumilia miaka miwili mitatu, na shule yenyewe ni komyuniti koleji yenye daraja la kwenda RN ambapo kredi zako za LPN zinahesabiwa na unaingia muhula wa pili au wa tatu wa ADN. Ukienda zile shule za biashara zinazotoa cheti cha LPN kwa masaa badala ya kredi, mara nyingi ukifika ADN wanakwambia anza moja, umelipa mara mbili. Shemeji anakupenda lakini muulize kama yeye angelipa hiyo mara ya pili.

Sasa wewe una kitu ambacho CNA wengi hawana, digrii. Na hapa wengi wa kwetu wanapotea njia mbili tofauti, kuna anayeificha kabisa anaanza kama mtu aliyemaliza sekondari juzi, na kuna anayedhani itamfungulia kila kitu. Digrii ya nje inatakiwa ipelekwe kwenye kampuni ya kutathmini vyeti, WES ni mojawapo inayokubalika sana, uombe ripoti ya kozi kwa kozi sio ile ya jumla, ndo shule iweze kuona ulisoma takwimu, ulisoma saikolojia, ulisoma uandishi, wakufutie baadhi. Takwimu yako ya biashara ina nafasi nzuri ya kukubaliwa. Sayansi huna, hiyo utasoma tu: anatomia na fiziolojia mbili, maikrobayolojia, wakati mwingine kemia, saikolojia ya ukuaji wa binadamu. Na hata angekuwa mtu amesoma bayolojia zamani, shule nyingi zinataka sayansi iwe ya miaka mitano mpaka saba iliyopita, zaidi ya hapo unarudia.

Ukishakuwa na hizo, digrii yako inakufungulia BSN ya haraka, wanaiita ABSN. Ni kwa ajili ya watu wenye digrii ya kitu kingine, unamaliza ndani ya mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu, unatoka na BSN kamili. Inavutia sana ukiisikia, na pengine hiyo shule inayokupigia inakuuzia hiyo. Lakini sikiliza. Ni miaka miwili na nusu ya uuguzi imebanwa ndani ya miezi kumi na kitu, darasani siku tatu nne, klinikali (mazoezi ya wodini) ya masaa 12 siku mbili, maabara, mtihani kila wiki, na wengi wao wanakwambia wazi usifanye kazi. Ukiwa na watoto wawili na shifti za usiku, nani atalea na nani atalipa kodi ya nyumba? Kama una mume au mama au dada anayeweza kubeba nyumba kwa mwaka mzima, fikiria. Kama wewe ndo nguzo, ABSN itakuvunja muhula wa pili na ada haitarudi.

Na ada ndo jambo la pili. Hapa kuna kitu hawakwambii. Msaada wa serikali unaoitwa Pell Grant, ambao kwa mwaka wa 2025-26 unafika dola 7,395 na haurudishwi, hautolewi kwa mtu ambaye tayari ana digrii ya kwanza, na digrii ya nje inahesabika, ofisi ya misaada ya chuo inaangalia kama ni sawa na digrii ya kwanza ya hapa, ikiwa sawa Pell huna. Haijalishi kama chuo chenyewe hakikukupa hata kredi moja kwa digrii hiyo. Na tafadhali usijaze fomu ya FAFSA, ile ya kuombea msaada huo, kwamba huna digrii ili upate, ile ni fomu ya serikali na ukidanganya ukaja kujulikana wanadai hela yote na bodi ya uuguzi nayo inauliza maswali ya uaminifu. Kinachobaki ni mkopo, na mkopo wa serikali kwa digrii ya pili ya ngazi hiyohiyo ukiwa unajitegemea unaishia kama dola 12,500 kwa mwaka, wakati ABSN nyingi za vyuo binafsi zinakula makumi ya maelfu ndani ya mwaka huohuo. Tofauti inazibwa na mkopo wa benki wenye riba yake. Fanya hesabu hiyo kwenye karatasi kabla hujasaini chochote. Halafu FAFSA yenyewe inataka uwe raia au uwe na grinikadi, au hadhi kama ya mkimbizi, visa ya kawaida haiingii.

Kwahiyo ADN. Komyuniti koleji ya jimbo lako, ada ya mkazi, baadhi zina ratiba ya jioni na wikiendi, na ni mihula minne ya uuguzi wenyewe baada ya masomo ya utangulizi, kwahiyo ukiambiwa miaka miwili elewa ni mitatu kwa mtu anayefanya kazi. Masomo ya utangulizi unaweza kuyachukua mojamoja huku unafanya kazi, mengine online. Ugumu wake uko kwenye kuingia. Nafasi ni chache waombaji ni wengi, vyuo vingi vinapanga kwa pointi, alama za sayansi, mtihani wa kuingilia wa TEAS au HESI, wengine wanaongeza pointi ukiwa CNA au ukiwa na digrii ya awali, na hapo ndo digrii yako ya biashara na cheti chako cha CNA vinakuja kukulipa bila kelele. Vingine vina bahati nasibu au foleni ya kusubiri. Omba zaidi ya kimoja. Anatomia usiipate C, hata kama chuo kinaikubali C, kwenye pointi utaachwa, bora uchukue somo moja muhula huo ukapata A kuliko kubeba matatu na shifti tano za usiku.

TEAS yenyewe isikutishe, ni maswali 170 ya kusoma, hesabu, sayansi na lugha, hesabu ni za sehemu na asilimia na kubadili vipimo, mambo ambayo kichwa chako cha biashara yanakiweza. Kinachowaangusha watu wetu ni lugha na muda, Kiingereza cha mtihani kina mitego midogo ya alama za uandishi. Jifunze mwezi mmoja mpaka miwili kwa utulivu.

Sasa ile shule inayokupigia simu. Sijui ni ipi na sitaitaja hata ningeijua, ila kabla hujaipa hata shilingi angalia vitu vitatu. Kwanza iwe imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo, bila hiyo hukai NCLEX kabisa. Pili iwe na ithibati ya uuguzi, ACEN au CCNE, CCNE inashughulika na BSN kwenda juu, ACEN inagusa ngazi zote mpaka LPN, na ipo pia ya tatu, ya chama cha NLN. Bila ithibati hiyo unaweza ukapata leseni vizuri tu halafu ukienda kuomba RN-kwenda-BSN wanakukataa, au hospitali za serikali zinakukataa. Tatu, kiwango cha kufaulu NCLEX mara ya kwanza, bodi nyingi zinakiweka wazi kwenye tovuti yao, kitaifa kwa waliosoma Marekani mwaka 2024 ilikuwa kama tisa kati ya kumi, ukikuta shule iko kwenye sitini na kitu achana nayo hata kama mhudumu wa simu anakuita mama yangu. Na hakuna RN ya kwanza iliyo online mia kwa mia, klinikali lazima ushike mgonjwa. Yeyote anayekwambia hakuna klinikali anakuuzia karatasi. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza operesheni waliyoipa jina la Nightingale, watu 25 walishtakiwa kwa kuuza diploma za bandia zaidi ya 7,600 kutoka shule tatu za Florida, bei ilikuwa kama elfu kumi mpaka kumi na tano moja. Bodi za majimbo mbalimbali zikaanza kuwafuta waliokuwa na leseni kupitia karatasi hizo, hata wale waliokuwa wamefaulu NCLEX, wakati hela yao imeshaliwa.

Kwahiyo pendekezo langu kwako wewe, sio kwa kila mtu: masomo ya utangulizi komyuniti koleji huku unafanya kazi, punguza shifti zikiwezekana ziwe za wikiendi, ADN, NCLEX, uingie hospitali yoyote itakayokuchukua hata kama iko mbali kidogo au ya mji mdogo maana hizo haziringi na ADN, halafu BSN uimalizie kwa hela ya mwajiri. Mwajiri anaruhusiwa kukulipia ada mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi juu yake, ndo maana utaona hospitali nyingi zimeweka kiasi hichohicho. RN-kwenda-BSN ni kama kredi 30, nyingi ni online kabisa kwasababu leseni unayo tayari, mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu. Wanafundisha nini? Afya ya jamii, uongozi, kusoma tafiti na kuzipima, sera. Wengine wanalalamika ni kuandika insha tu, na kwa kweli ni insha nyingi, lakini ile ya kusoma utafiti na kujua huu ni mzuri huu ni takataka itakusaidia mpaka unastaafu.

Na kwasababu tayari una digrii ya kwanza kuna njia nyingine ambayo watu hawaifuatilii: baadhi ya vyuo vinamchukua RN wa ADN mwenye digrii ya kitu kingine moja kwa moja kwenye uzamili, MSN, wanakupa kozi chache za kuziba pengo. Unaruka BSN. Angalizo lake ni dogo lakini lipo, kuna waajiri ambao mfumo wao wa kompyuta unatafuta herufi BSN tu, itabidi uongee na mtu.

Huko juu nitapita haraka maana ni mbali na ulipo. MSN ndo ngazi ya NP, yule nesi anayepima na kuandika dawa, kazi iliyoanzia Colorado 1965 kwa Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver. Pia mkunga CNM, mwalimu, meneja. Uzamivu uko wa aina mbili, DNP ni wa kazi yenyewe ya kuhudumia, PhD ni wa utafiti. NP bado anaweza kuanza kazi na MSN japo vyuo vingi vimehamia DNP. Wa dawa za usingizi, CRNA, ndo hana hiari tena, wanaoanza toka 2022 wote wanaingia programu ya uzamivu, na kabla ya kuomba wanataka uwe umefanya kazi ICU (wodi ya mahututi) angalau mwaka mmoja. Na kuhusu mikopo ya ngazi hizo, toka Julai 2026 ule mkopo wa serikali wa Grad PLUS, wa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, unafungwa kwa wakopaji wapya, kwahiyo ushauri wa mtandaoni wa miaka ya nyuma kuhusu kukopa kwa ajili ya NP usiufuate.

Ukiwa RN ukaamua kufanya kazi sehemu yenye uhaba, kuna mpango wa serikali unaitwa Nurse Corps, unalipa asilimia 60 ya mkopo wako wa uuguzi kwa miaka miwili ya kazi, na 25 nyingine ukiongeza mwaka wa tatu. Unataka uraia au grinikadi. Uliza mapema kama sehemu unayoifikiria iko kwenye orodha yao.

Kama kuna anayesoma hapa ambaye tayari ni nesi aliyesomea nyumbani, njia yako sio hii niliyomwandikia dada, wewe unapeleka vyeti CGFNS, shirika la kutathmini manesi wa nje ambalo sasa linaitwa TruMerit, wakalinganishe masaa yako ya darasani na ya wodi, wanaangalia kama umegusa wagonjwa wakubwa, watoto, uzazi na afya ya akili, halafu Kiingereza, halafu NCLEX ileile. Usirudi kusoma CNA kwa sababu mtu kakutisha.

Dada, kitu cha kwanza cha kufanya wiki hii hakihusu Marekani hata kidogo. Andikia chuo chako cha nyumbani waanze kushughulikia transkripti, manake kampuni za tathmini zinataka itumwe na chuo chenyewe, ukipeleka wewe nakala yako hawaichukui, na ofisi ya msajili ikishaanza kusema njoo kesho miezi inakwenda. Tafuta ndugu aliye karibu na chuo asimame pale dirishani, mpe barua ya kukuwakilisha yenye namba yako ya usajili na mwaka uliomaliza. Wakati huo wewe jiandikishe anatomia moja tu kwa muhula unaokuja, moja, na uongee na msimamizi wako wa usiku kuhusu wikiendi.